Visima vya Baba: Somo katika Mwanzo 26:12-22

Ndugu wapenzi, someni kwanza sura hiyo kwa sauti, kisha mjiulize: Isaka alifanya nini katika bonde la Gerari, hapo alipofukuzwa kwa wivu? Alivifukua visima vilivyochimbwa siku za baba yake Ibrahimu, ambavyo Wafilisti walikuwa wamevifukia. Naye akavipa majina yale yale aliyovipa baba yake.

Jambo la namna hii limetendeka hata katika nchi yetu. Wasukuma wa Shinyanga tangu zamani walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mvua zianzapo, sehemu ya malisho hufungwa, ng'ombe wasiingie, nyasi na miti ikue. Hata kiangazi kikikaza na malisho mengine yakiisha, hufunguliwa. Kisima hicho kilifukiwa, wala si kwa siku moja. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliamuru misitu ikatwe ili mbung'o waangamie. (Siwahukumu wote waliokata, mbung'o ni adui kweli.) Ikakatwa tena kwa ajili ya pamba na kuni, na katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa katika vijiji vipya, wengi waliziacha ngitili zao. Nchi ikabaki tupu.

Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Basi mabwana misitu wakakubali kujifunza kwa wazee. Mkutano wa jadi, dagashida, ukaweka sheria, sungusungu wakalinda. Mahali pengi hawakupanda hata mche mmoja: visiki vilivyokuwa hai chini ya udongo vilichipuka vyenyewe, vilipoachwa kupumzika. Hata kazi hiyo ilipokoma mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa katika vijiji zaidi ya 800.

Mtauliza, haya yahusu nini na mabadiliko ya hali ya hewa? Dunia inazidi joto kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta, ambao mchungaji wa ng'ombe wa Shinyanga ameuchangia kidogo mno. Miti hunyonya hewa ya ukaa na kuihifadhi. Lakini ngitili haiwezi kuufuta moshi wa mataifa makubwa, wala mwalimu asiwadanganye washarika kwa neno hilo. Faida iliyo karibu ni hii: mwaka wa ukame, yako majani ya kulisha ng'ombe, ziko kuni, ziko dawa za miti.

Sasa rudini katika mstari wa 20, wala msiupite upesi. Kisima kilipopatikana, ugomvi ukaanza. Ndipo kikaitwa Eseki, na cha pili Sitna. Katika ngitili pia, mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndiye avunaye zaidi, na maskini huweza kufungiwa mahali alipozoea kuokota kuni. Isaka hakutamka jina Rehobothi mpaka ilipopatikana nafasi bila ugomvi.

Walimu, waulizeni washarika: Katika kijiji chetu ni kisima gani cha wazee kilichofukiwa, na ni nani aliyekifukia? Tena, kikifukuliwa, mjane asiye na ng'ombe atateka wapi?