Kabla ya Kufungua Maji, Kata Udongo Uutazame

Februari moja, kaskazi ikiwa imekaza, grini yetu ya saba ilianza kubadilika rangi. Kingo zilitangulia, kisha madoa katikati, rangi ya majani ya chai yaliyokaushwa. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nikabidhiwe uwanja ule wa gofu, mashimo tisa juu ya mwamba wa matumbawe kaskazini mwa Mombasa, na nilifanya alichonishauri kila mtu: nikaongeza maji. Kila jioni, dakika kumi. Wiki mbili baadaye grini ilikuwa inabonyea chini ya kiatu kama godoro, na nyasi zinaendelea kufa.

Akapita mzee mmoja aliyetunza viwanja tangu enzi za brauni, zile grini za mchanga uliochanganywa na mafuta kabla vilabu vingi havijamudu nyasi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nipe hicho chombo chako cha kukatia mashimo."

Akakikandamiza penye doa, akakizungusha, akatoa bonge la udongo la upana wa milimita 108 na kulilaza chini. Tukapiga magoti. Juu palikuwa na majani kidogo. Chini yake tabaka la kahawia la nyasi mfu, nene kama kidole gumba, limelowa chepechepe. Likafuata tabaka jeusi lenye harufu ya yai viza. Mizizi iliishia sentimita 3. Kutoka hapo kwenda chini ni mchanga mtupu.

"Hizi hazina kiu," akasema. "Zimekosa pumzi."

Tangu siku hiyo sifungui bomba wala gunia la mbolea kabla sijakata udongo nikautazama. Nafanya hivyo kila Jumatatu, sehemu tatu kwa kila grini, na rula mkononi. Ukichukua jambo moja tu kutoka kwenye makala hii, chukua hilo. Mengine yote yanafuata kile utakachokiona pale.

Ule weusi unatokea mahali hewa haifiki. Maji yamejaza nafasi zote kati ya chembe za mchanga, bakteria wasiohitaji oksijeni wakashika hatamu, na gesi wanayoitoa ndiyo inayonuka yai viza na kuua mizizi. Ukimwagilia kidogo kidogo kila jioni, juu panabaki pabichi daima na chini hapapati kitu, kwa hiyo mzizi hauna sababu ya kushuka. Kwetu pwani kuna la ziada: chumvi. Visima vilivyo karibu na bahari vikivutwa sana wakati wa kiangazi, maji ya bahari hujipenyeza, na kufikia Machi unamwagilia maji ambayo usingeyatia kwenye uji. Maji kidogo hukauka juani na kuacha chumvi yote juu. Nilipochunguza vizuri kingo za grini ya saba asubuhi, niliona unga mweupe nilioudhani ni umande.

Kwa hiyo pima maji yako. Kipimo cha mkononi cha chumvi kinasoma kwa desisimensi kwa mita. Chini ya 0.7 lala usingizi. Ikizidi 3, panga namna ya kuisukuma chumvi ishuke chini ya mizizi. Inasukumwa kwa maji mengi ya usiku mmoja, yakifuatiwa na mapumziko. Grini ya mita za mraba 500 ukiipa milimita 25 ni lita 12,500, na zinatakiwa zishuke taratibu usiku kucha, kwa awamu, zisituame. Baada ya hapo mwagilia siku moja uache mbili, kabla ya alfajiri, upepo ukiwa umelala. Ukimwagilia jioni majani yanalala yamelowa, na kuvu wanapenda hivyo.

Lakini je, springla zako zinatoa sawa? Mimi niliamini zinatoa sawa kwa mwaka mzima. Chukua makopo matupu 20 ya ukubwa mmoja, yapange juu ya grini kwa nafasi sawa, fungua maji dakika 15, kisha pima kina kwa rula kopo baada ya kopo. Kwenye grini ya saba kopo moja lilikuwa na milimita 9, na jingine, hatua sita tu kutoka hapo, milimita 2. Tundu la springla moja lilikuwa limezibwa na chokaa. Nilililoweka ndani ya siki usiku mmoja, na doa kubwa kuliko yote likaanza kupona mwezi huohuo.

Sasa kazi nzito: kutoboa. Tabaka la nyasi mfu na udongo ulioshindiliwa na miguu ya wachezaji havina dawa ya chupa. Vinahitaji matundu. Sisi hatuna mashine ya kutobolea. Tuna uma za miguu zenye meno manne yaliyo wazi ndani, ambayo hung'oa vijiti vya udongo unene wa milimita 12, kina cha sentimita 8. Kwa nafasi ya sentimita 10 kati ya tundu na tundu, grini ya mita 500 inakuwa na matundu 50,000, yaani kukanyaga uma mara 12,500. Watu wanne tunamaliza kwa siku mbili, migongo ikituuma. Fanya hivyo mvua za masika zinapoanza, na tena wakati wa vuli, kwa sababu nyasi inayokua kwa nguvu huziba majeraha ndani ya wiki tatu. Ukitoboa Februari utaongeza kifo juu ya kifo.

Zoa vijiti vyote, kisha mwaga mchanga na uusukume kwa ufagio mpaka matundu yajae na tabaka jembamba libaki juu. Grini moja hula mita za ujazo 2 hivi, toroli zaidi ya 30. Na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa nimeona pesa nyingi zikizikwa. Mchanga wa ufukweni uko karibu na ni wa bure, ila una chumvi na una vipande vya kombe. Mchanga wa mto mara nyingi una tope. Unaoutaka ni ule ambao sehemu kubwa ya chembe zake ni kati ya robo milimita na milimita moja. Chekecha. Halafu fanya majaribio mawili ya jikoni: tia mchanga na maji kwenye chupa, tikisa, uache, maji yakibaki na rangi ya chai ya maziwa baada ya nusu saa, mchanga huo una tope, urudishe. Kisha kamulia ndimu juu ya kiganja cha mchanga. Ukitoa povu, kuna kombe ndani.

Kuhusu nyasi zenyewe, sisi wa pwani tuna bahati, maana ukoka ni wa kwetu. Nyasi za grini nyingi za nchi za joto ni chotara wa ukoka na ndugu yake wa Afrika Kusini. Aina ya Tifdwarf, kwa mfano, ilitolewa mwaka 1965 kutoka kituo cha utafiti cha Tifton, Georgia, Marekani. Chotara hao hawana mbegu hai. Mtu akikuuzia mbegu ya kuzibia doa la grini ya namna hiyo, anakuuzia nyasi nyingine, na utaishi na kiraka. Tenga kitalu nyuma ya stoo, hata mita 50 tu za mraba, ukikate na kukitunza sawasawa na grini, uwe unachimbua vipande huko.

Mbolea sitaiongelea sana. Wakati wa ukuaji, gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba kwa mwezi zinatosha, ambazo kwa grini ya mita 500 ni kama kilo 5.5 za urea, zigawe mara mbili na umwagilie papo hapo. Nyasi iliyonona kupita kiasi hujaza lile tabaka la kahawia upya na kuwaita viwavi jeshi.

Mashine ndiyo niliyoipuuza muda mrefu kuliko yote. Shika jani moja baada ya kukata, lilete karibu na jicho. Ncha iliyokatwa na kisu kikali imenyooka. Iliyokatwa na kisu butu imechanika nyuzi nyuzi, na saa kumi jioni uwanja mzima una ukungu mweupe, watu wanasema unahitaji maji. Mimi hukata kipande cha gazeti kwenye silinda ya mashine kila asubuhi, upande wa kushoto, katikati na kulia. Kisipokatika safi kama kwa mkasi, mashine haitoki stoo. Kimo chetu cha kukata ni milimita 5, na kaskazi ikikaza tunapandisha hadi 6. Hiyo milimita moja inayapa majani nafasi ya kulisha mizizi, na wachezaji wanaolalamika kuwa mpira unakwenda polepole nawaonyesha bonge la udongo. Wengi wanaelewa wakishaliona.

Tena kuna miti. Ukoka hauvumilii kivuli. Mivinje upande wa mashariki wa grini ya saba ilikuwa inazuia jua mpaka saa nne asubuhi. Sikuikata, maana inatukinga na upepo wa chumvi. Tulipunguza matawi ya chini hadi kimo cha mita 4, jua likapita saa mbili. Majani yake yanayodondoka tunayarundika kuwa mboji ya pembezoni, ambako jongoo wanatusaidia kuyasaga. Mtaalamu wa kilimo René Haller alitegemea mivinje na jongoo hivyohivyo alipoanza kuotesha msitu kwenye machimbo ya Bamburi mwaka 1971, juu ya mwamba ambao haukuwa na udongo kabisa. Nikikata tamaa na mwamba wetu, hukumbuka kwamba sisi walau tulianza na kiganja cha udongo.

Wachezaji na makedi nao wafundishe kuziba alama ya mpira. Uma wao mdogo wa kuzibia usiinue udongo kutoka chini, kwa sababu unakata mizizi. Usukume kingo ziende katikati, kisha gonga kwa bapa la fimbo. Alama iliyozibwa papo hapo inapona kwa siku chache.

Grini ya saba ilichukua masika mbili. Jumatatu iliyopita nilikata palepale alipokata mzee. Tabaka la kahawia limebaki jembamba kama sarafu, mchanga unanukia udongo wa mvua, na mizizi, myeupe, imefika sentimita 14. Nikampigia simu, nikamsomea rula. Akaniuliza grini ya nane je? Bado sijaikata, nikamwambia, nami nikachukua chombo nikaenda.