Cheti cha Miwani Si Cheti cha Lenzi

Tuseme kijana wa Bagamoyo amepimwa macho, akapewa cheti cha miwani chenye namba –6.00 kwa kila jicho. Miwani haipendi. Amewaona vijana wenzake Dar es Salaam wakivaa lenzi, yaani vile vigamba laini vinavyowekwa juu ya jicho lenyewe. Anapanda basi na cheti chake, anaingia dukani na kusema: "Nipeni lenzi za namba hii." Muuzaji akimpa bila kumpima, amemkosea.

Kwanza tutazame namba. Miwani hukaa milimita 12 hadi 14 hivi mbele ya jicho, lakini lenzi hulala juu ya jicho. Umbali huo ni mdogo, ila hubadili nguvu inayolifikia jicho. Kama unavaa miwani yenye nguvu kubwa ya kuonea mbali, jaribu hapo nyumbani: ishushe hadi ncha ya pua, kisha tazama mnazi ulio mbali. Makuti yatafifia. Sasa fikiria kinyume chake, miwani ikisogezwa hadi kuligusa jicho: nguvu itazidi. Ndiyo maana kijana wetu wa –6.00 anahitaji lenzi ya –5.50 hivi. Mwenye +6.00 mambo humgeukia. Yeye huhitaji kuongezewa, kufika kama +6.50.

Kwa namba ndogo, chini ya 4.00, tofauti haina uzito, wa –2.00 hubaki na –2.00. Hapo ndipo watu hupotoshana. Mmoja alitumia namba ya miwani akaona vizuri, basi anawashauri jirani zake wote wafanye vivyo hivyo.

Hata hivyo, namba ni nusu tu ya habari. Cheti cha miwani huonyesha pia umbali kati ya mboni mbili, ili fundi ajue katikati ya kioo pawe wapi. Cheti cha lenzi hakihitaji hilo. Chenyewe huonyesha mviringo wa lenzi, kwa mfano milimita 8.6, upana wake, kwa mfano milimita 14.2, na jina la aina iliyojaribiwa. Ni kama viatu: kujua rangi uipendayo hakumsaidii muuzaji asiyejua ukubwa wa mguu wako. Lenzi inayobana hulinyima jicho hewa. Inayolegea huteleza na kukwaruza.

Na kinachokwaruzwa ni konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Konea haina mishipa ya damu. Sehemu kubwa ya oksijeni yake huipata moja kwa moja hewani. Ikichubuka, vijidudu huingia, kidonda hutokea, na kovu lake laweza kuondoa uwezo wa kuona. Kwa hiyo mpimaji hukagua konea kwa darubini, hukuvalisha lenzi ya majaribio, halafu hukuita tena baada ya siku chache. Cheti hukamilika hapo.

Kwetu pwani kuna jambo jingine. Maji ya bomba, ya kisima na ya bahari yana vijidudu ambavyo hung'ang'ania kwenye lenzi, na vingine ni vigumu mno kutibu. Usioshe lenzi kwa maji hayo, usiingie nazo baharini, wala usilale nazo bila ruhusa ya daktari. Na lenzi za rangi ambazo maharusi huazimana? Hata zisipokuwa na namba yoyote, hugusa konea vilevile. Kila jicho lipimwe, na lenzi zisivaliwe na watu wawili.

Basi ukitaka lenzi, nenda kwa mpima macho aliyesomea kazi hiyo. Chukua cheti chako cha miwani, kitamsaidia kuanzia. Miwani yenyewe usiigawe, kwa sababu siku jicho likiwa jekundu utaihitaji. Uliza pia bei ya dawa ya kusafishia na mahali inapopatikana, maana lenzi inayovaliwa zaidi ya mara moja haifai kuvaliwa bila dawa hiyo, na kuifuata Dar es Salaam kila inapokwisha ni nauli juu ya nauli. Jicho likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, toa lenzi mara moja na uende hospitali siku hiyohiyo. Lenzi uliyoitoa nenda nayo katika kikasha chake, daktari aweza kuihitaji.