Jengo Lililotelekezwa Mtaani: Pesa za Kulifufua Hupatikanaje?
Kijitabu cha wakazi wa Eastlands, Nairobi

Kwa nini tusilale

Ukumbi au maktaba ya mtaa ikiachwa, paa huvuja, nyaya huibwa, taka hujaa mlangoni na watoto hukosa pa kusomea. Jengo hilo ni mali ya umma, na kudai lifufuliwe ni haki yetu.

Mfano wa karibu

Mwaka 2018, shirika la Book Bunk lilikubaliana na Kaunti ya Nairobi kukarabati maktaba ya McMillan iliyo katikati ya jiji, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Majengo yalibaki mali ya kaunti. Shirika likatafuta wafadhili. Leo matawi yote mawili yamekarabatiwa na yanatumika. Makubaliano ya maandishi ndiyo yaliyofungua njia, kwani ni nadra mfadhili kutoa pesa kwa jengo lisilojulikana mwenyewe.

Hatua tano

1. Mjueni mwenyewe. Ulizeni afisi ya wadi, kisha hakikisheni katika afisi ya ardhi.

2. Jisajilini. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inawapa njia. Fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi kadhaa.

3. Lindeni afya. Paa la asbesto msiliguse. Likivunjwa hutoa vumbi linaloweza kuleta saratani ya mapafu. Kuliondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na gharama yake iwemo katika makadirio.

4. Wahini bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Hudhurieni vikao vya maoni ya umma kabla ya tarehe hizo. Mpeni mwakilishi wadi ombi la maandishi na mbaki na nakala yenye muhuri.

5. Pangeni matunzo. Mlinzi, maji na umeme hulipwa kila mwezi. Kodisheni ukumbi kwa harusi na mikutano. Kule Dandora, michango ya wakazi imesaidia kutunza nyua walizosafisha vijana.

Anzeni wiki hii

Itisheni kikao cha mtaa, mchague jengo moja, mlipige picha ndani na nje, kisha mwende afisi ya wadi mkiwa pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni wetu sote.