Mbegu ya mtama mtamu, kwa nishati na kwa chungu

Newala hata maji ya kunywa husukumwa kwa pampu kutoka Mitema, kwa hiyo miwa ya ethanoli tuwaachie Kilombero. Jamii ya nyasi inayotufaa huku, na kule Masasi, ni mtama ule ambao watoto hutafuna mabua yake. Bua hukamuliwa maji ya sukari, makapi hubanwa kuwa mkaa mbadala, punje inakwenda ghalani. Mibono ya nishati iliyonadiwa sana Kilwa na Kisarawe haikuwa na hilo la mwisho: soko lilipokufa, hailiki.

Kazi ya kuchagua mimea ya mbegu ianze kabla ya maua. Tazama mshipa wa katikati ya jani. Ukiwa mweupe pe, mara nyingi bua ni kavu kama sifongo. Ukiwa wa kijani kilichofifia, lina maji. Utamu utaupima baadaye.

Gawa shamba vipande vya hatua kumi kwa kumi, uchague mimea michache bora ndani ya kila kipande. Ukichagua shamba zima kwa mkupuo, utajaza kapu mtama wa kwenye kichuguu, ambao umenoneshwa na udongo tu. Mimea ya pembeni iruke; ina nafasi na jua la ziada.

Suke likichomoza, livishe mfuko wa kaki. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, lakini chavua ya jirani hupenya. Kwelea kwelea nao watakosa pa kudonoa.

Kitako cha punje kikiweka doa jeusi, mbegu imekomaa. Kata, andika namba ileile kwenye suke na bua lake, minya pingili ya katikati kwa koleo, dondosha tone kwenye refraktomita, kile kipimo cha sukari. Pima papo hapo: bua lililolala hukauka na kipimo hupanda kwa uongo. Lisilofika nyuzi 15 za Brix, wape mbuzi. Asiye na kipimo atafune machache kwa mara moja, maana ulimi huzoea.

Mvua za Desemba zikirudi, kila suke lipate mstari wake. Mstari unaolazwa na upepo ng'oa wote, hata uwe asali. Endelea hivyo misimu kadhaa.

Maji ya bua huchacha ndani ya saa chache. Bila kinu jirani usimwahidi mtu tani. Wala usipike spiriti nyumbani, mgambo hatauliza kama ni ya injini au ni gongo. Na kabla ya kuuza mbegu, wasikilize watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, kisha uonane na TOSCI, wathibitishaji wa mbegu.