Mradi wa Maji na Programu Huria: Vidokezo 7 kwa Wasio na Fungu la Leseni

Fedha za jumuiya ya watumia maji huishia kwenye umeme wa pampu, koki na posho ya fundi. Leseni ya programu haimo. Habari njema ni kwamba programu nyingi ambazo wahandisi wakubwa huzitumia ni huria: unazipakua bila kulipa, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

1. Shika swali kwanza. Maji hayafiki mtaa wa juu? Hiyo ni kazi ya EPANET. Hujui vituo vibovu vya maji viko wapi? QGIS. Unahofia visima vinashuka? Kuna MODFLOW ya Shirika la Jiolojia la Marekani, iliyopo tangu 1984, lakini hiyo mwachie mtaalamu wa maji ya ardhini. Mradi wa vituo kumi hauihitaji.

2. Kusanya taarifa kwa simu. Kwa ODK na KoboToolbox unajaza fomu hata pasipo mtandao, kisha zinatumwa ukifika penye mnara. Maswali yawe machache: mahali, picha, je, maji yanatoka leo, na ndoo inajaa kwa muda gani. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, kituo kinatoa nusu lita kwa sekunde. Takwimu hiyo moja inazidi kurasa tatu za maoni.

3. Chora ramani kwa QGIS, ila chunga mfumo wa majira-nukta. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zimetumia Arc 1960, ilhali simu yako inatumia WGS 84. Ukizichanganya bila kuiambia programu, tenki litahama mita mia tatu hivi na kuangukia shambani kwa jirani. Barabara na mito usianze kuchora upya, chungulia OpenStreetMap. Dar es Salaam, kwa mfano, wanafunzi na wakazi waliichora mitaa yao humo kupitia mradi wa Ramani Huria, kwa sababu ya mafuriko.

4. Jaribu bomba kwenye kompyuta kabla ya kuchimba mtaro. Kama una muda wa kujifunza programu moja tu, iwe EPANET, iliyotolewa na Wakala wa Mazingira wa Marekani mwaka 1993. Unachora chanzo, tenki, mabomba na vituo, nayo inakokotoa presha kila mahali. Mitego ni miwili. Wa kwanza: ukiifungua inahesabu kwa galoni, hivyo badili iwe LPS, yaani lita kwa sekunde, kabla hujachora chochote. Wa pili: inataka kipenyo cha ndani. Bomba la plastiki la milimita 63 limepimwa kwa nje. La daraja la presha PN16 lina takriban 51 tu ndani, na tofauti hiyo inatosha kuuacha mtaa mzima mkavu. Kisha pima saa ya asubuhi, watu wanapopanga foleni, usiridhike na wastani wa siku. Ukiona presha hasi, kompyuta haijaharibika: inakuambia mahitaji uliyoweka hayawezi kupita humo.

5. Mwinuko wa simu usiuamini. Kila mita kumi za mwinuko ni kama bar moja ya presha, na simu hukosea mita kadhaa bila aibu. Hapa toa pesa, mlipe mpima ardhi.

6. Historia ya mvua ipo bure. CHIRPS ina makadirio ya mvua tangu 1981, na yanafunguka ndani ya QGIS. Kila kipande cha ramani yake kinafunika kama kilomita tano kwa tano, kwa hiyo linganisha na kipima mvua cha shule au kituo cha hali ya hewa kilicho karibu.

7. Bure na huria ni vitu viwili. HEC-RAS ya wahandisi wa jeshi la Marekani, ya kukokotoa mafuriko ya mito, hulipii, lakini msimbo wake umefungwa. Itumie ikikufaa, mimi ningeitumia. Ila kazi yako hifadhi katika muundo unaofunguka popote: EPANET ina faili la .inp, maandishi matupu yanayosomeka hata kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Weka nakala kwa watu wawili, na siku ya kukabidhi ofisi faili hilo liorodheshe pamoja na funguo za nyumba ya pampu.