Papai la Mtoto Lichumwe Lini?

Hapa Ngarama na kambini Nakivale, tangu Juru hadi Rubondo, wenye kiwanja kidogo hupanda mpapai kwa sababu hauchelewi kuzaa. Ni mti wa kutunzwa, hasa penye mtoto mdogo. Ile rangi ya chungwa iliyo ndani ya papai lililoiva hugeuka vitamini A mwilini, inayomlinda mtoto asishindwe kuona giza likiingia na kumpa nguvu ya kupambana na surua. Matone ya vitamini A yanayotolewa Aprili na Oktoba, mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 asiyakose. Ila kati ya hapo anahitaji chakula chenye vitamini hiyo.

Kwa hiyo usichume papai kijani tupu kwa kuogopa ndege. Litanywea, na utamu hautakuja. Hilo lipike kama mboga. Wala usingoje liwe njano lote mtini, maana popo watakutangulia. Litazame kitakoni, ndiko linakoanza kubadilika. Ukiona mstari mmoja au miwili ya njano, lizungushe taratibu mpaka kikonyo kikatike, usiliache lianguke. Utomvu ukitoka mzito na mweupe, umewahi mno. Ukitoka mwepesi, wakati umefika. Liweke ndani, kivulini, na baada ya siku chache litalainika. Mama mjamzito aliache papai bichi lenye utomvu. Lililoiva vizuri halina neno.

Parachichi lina tabia yake. Haliivi mtini hata likae miezi: hukomaa tu, kisha hulainika likishachumwa. Chuma moja kubwa, ukiliachia kikonyo kifupi, ulingoje. Likilainika baada ya wiki moja hivi bila kukunjamana, yaliyobaki yako tayari. Likikunjamana na kuwa kama mpira, yaache mtini wiki kadhaa ndipo ujaribu tena. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, ponda papai lililoiva pamoja na kipande cha parachichi. Vitamini A hufyonzwa vyema penye mafuta, na parachichi linayo. Hapo huhitaji kununua kitu dukani. Osha tunda kwa maji safi kabla ya kulimenya, kwa sababu kisu huingiza ndani uchafu wa ganda.

Marakuja liache lianguke lenyewe, uliokote siku hiyo hiyo. Chungwa usilihukumu kwa rangi, kwani linaweza kuwa tamu likiwa bado na kijani. Onja moja kwanza: chungwa halizidi utamu likishatoka mtini, na nanasi vilevile.

Tunda lenye alama za meno au kucha, huenda za popo, halifai, na kukata upande ulioliwa hakulisafishi. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, wilayani Kamwenge, waliugua Marburg, ugonjwa hatari unaoletwa na virusi, na mgodi huo ulijaa popo wanaokula matunda. Wao waliupata ugonjwa mgodini, si kwa kula tunda, lakini virusi hivyo hupatikana pia katika mate ya popo hao. Tunda la namna hiyo usilishike kwa mikono mitupu: lisukumie shimoni kwa jembe, mbali na watoto na mbuzi, ulifukie, kisha unawe kwa sabuni.