Zinki, tangawizi na mafua ya kiangazi

Swali: Dokta, tangu Juni ni baridi na vumbi tupu hapa Kolwezi, mafua hayaishi nyumbani. Jirani anameza zinki kila siku. Nami nianze?

Jibu: Hapana, mama. Zinki ikianzwa ndani ya saa 24 tangu mafua yaanze, huenda ikapunguza siku za kuugua. Kinga ya kila siku siyo. Mtu mzima asipite miligramu 40 kwa siku. Ikizidi kwa muda mrefu huzuia utumbo kunyonya shaba, damu ikapungua. Ndiyo, shaba hii hii tunayoichimba, mwili nao unaihitaji.

Ponda tangawizi, mimina maji ya moto, kamulia ndimu: koo litalainika. Ukitia asali, usimpe mtoto asiyetimiza mwaka 1. Mtoto yeyote akipumua mbiombio, mbavu zikibonyea, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo.